Istilahi za Tiba: Kasoro ya Moyo kwa Mtu Mzima

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa maandishi ya tiba ni yale yahusuyo watu waliozaliwa na kasoro ya moyo wakakua hadi utu uzima. Zamani haja ya istilahi hizo ilikuwa ndogo, maana wengi wenye kasoro kubwa walifariki wangali watoto. Mambo yalianza kubadilika kwa upasuaji uliofanywa Baltimore, Marekani, mwaka 1944, kwa mtoto mwenye kasoro iitwayo kwa jina la daktari Mfaransa, Fallot. Leo, katika nchi zenye tiba ya kutosha, watu wazima wenye kasoro za moyo ni wengi kuliko watoto.

Wengine huandika "ugonjwa wa moyo wa kurithi". Hilo halifai. Kasoro nyingi za aina hii hutokea moyo unapoumbika tumboni, bila ya mzazi yeyote kuwa nayo, na tafsiri hiyo huweza kumtia mama lawamani bure. Tunapendekeza "kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo".

Neno gumu zaidi ni "kupona". Mwenye kasoro ya Fallot huzibwa tundu lililo kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na kupanuliwa njia ya damu iendayo mapafuni. Ubuluu hutoka ulimini na kwenye kucha, naye hucheza na wenziwe. Lakini mara nyingi vali ya njia hiyo hubaki ikivuja. Miaka mingi baadaye chumba cha upande wa kulia hutanuka (tusiandike "chumba cha kulia", msomaji akadhani ni cha chakula), mapigo huenda mrama, na huenda vali mpya ikahitajika. Cheti kikisema "amepona", mwenyewe hana sababu ya kurudi kliniki, hata anapoanza kuchoka au anapopata mimba. Kiseme "amerekebishwa kasoro ya moyo; anahitaji uangalizi wa maisha yote".

Hata "mzima" lataka hadhari, kwa kuwa ni mwenye umri na ni mwenye afya pia. "Kliniki ya moyo ya wazima" yachekesha: asiye mgonjwa aende kufanya nini? Tuandike "watu wazima" kwa ukamilifu. Na katika barua ya kumhamisha kijana kutoka kwa daktari wa watoto, jina la kasoro na mwaka wa upasuaji viandikwe kwa Kiswahili anachoweza kukisoma mwenyewe.