Mafuta ya Boila Yakiisha, Dizeli Inafaa?

Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, lina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi waliotafuta hifadhi, hasa Portland na Lewiston. Nyumba nyingi huko hupashwa joto na boila inayochoma mafuta kutoka tangi la chuma. Tangi la kawaida hubeba galoni 275, kama lita 1,040. Likikauka usiku wa Januari, na gari la mafuta haliji hadi keshokutwa, je, dizeli ya sheli inafaa?

Inafaa kabisa. Mafuta hayo mawili hutoka sehemu ileile ya mafuta ghafi, mazito kidogo kuliko mafuta ya taa, na lita kwa lita joto lake halipishani sana. Tofauti inayoonekana ni rangi: ya nyumbani hutiwa wekundu kwa sababu hayalipiwi kodi ya barabara. Polisi akiukuta wekundu huo kwenye tangi la lori, faini ya serikali kuu huanzia dola 1,000. Afrika Mashariki tunaujua mchezo huo. Kenya iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili yasichanganywe na dizeli.

Kinyume chake, yaani kutia mafuta ya boila kwenye gari la dizeli, hakifai, hata ukiweka sheria kando. Boila huwasha mafuta kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Hutegemea mgandamizo, kwa hiyo mafuta yake lazima yashike moto upesi na yawe na kilainishi cha kulinda pampu.

Kiafya, jambo kubwa lilikuwa salfa. Mafuta ya nyumbani ya zamani yaliruhusiwa kuwa na hadi sehemu 5,000 kwa milioni, na moshi wake uliwasumbua hasa wenye pumu. Tangu Julai 2018 kiwango cha Maine ni 15, sawa na dizeli ya magari. Mabadiliko hayo, kwa maoni yangu, yamesifiwa kidogo mno.

Ukimimina dizeli, zima boila kwanza, usubiri uchafu wa chini utulie, kisha uwashe. Tangi likiwa lilikauka kabisa, hewa imeingia kwenye bomba na lazima itolewe. Kama hujawahi, mwite fundi. Petroli usiiguse: mvuke wake hulipuka.

Kinachoua mara nyingi ni kile watu wanachokimbilia wakati wa kusubiri: jiko la mkaa sebuleni, au jenereta kwenye chumba cha chini. Vyote hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kikiwagonga watu wawili watatu kwa pamoja, kichefuchefu kikafuata, tokeni nje na watoto, baridi au si baridi, ndipo mpige 911.