Samweli asimama mbele ya mkutano

Wapendwa, fungueni 1 Samweli 12. Israeli imeshapata mfalme, na mzee Samweli, kichwa chote mvi, anaaga. Haagi kwa sherehe. Anawauliza watu wote, mfalme akisikia, kama yupo aliyenyang'anywa naye ng'ombe au punda, au aliyemwona akipokea rushwa. Kama yupo, atarudishiwa. Watu wanajibu kuwa hakuna.

Waumini wa Kerende, Tarime, hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Kwa Mkurya ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima ya boma. Tena kijiji chao kiko kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambako tathmini na fidia ni maneno ya kila siku. Kiongozi wa huko ana mengi ya kuulizwa.

Oktoba 29, 2025 Watanzania tulipiga kura. Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. Kama uhalali ungekuwa hesabu tu, hiyo ingetosha na kubaki. Lakini siku hiyohiyo vijana waliingia barabarani, damu ikamwagika, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Na tusijidhani peke yetu: Januari 6, 2021 Wamarekani walivamia Bunge lao wakiyakataa matokeo.

Imani hiyo huanza kupotea chini kabisa, kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu. Wakurya walikuwa na iritongo yao kabla ya sheria hiyo. Mwenyekiti asiyeitisha mkutano mwaka mzima, asiyesoma mapato na matumizi, watu humkwepa hata kama alipita kwa kishindo.

Samweli mwenyewe hakumaliza. Wanawe, Yoeli na Abiya, walikuwa waamuzi Beer-sheba na walikula rushwa. Ndiyo sababu mojawapo wazee walitaka mfalme. Siku ya kuaga aliwataja kwa maneno machache, akapita. Watu nao wakanyamaza, labda kwa heshima. Kerende, nadhani, mzee mmoja angenyoosha mkono.