Pombe za Nafaka na Ini: Madhara Yanayoanzia Ghalani

Pombe za asili zitokanazo na nafaka zina nafasi kubwa katika maisha ya jamii nyingi za Afrika Mashariki. Mbege ya Kilimanjaro hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, komoni ya Nyanda za Juu Kusini hutokana na mahindi na ulezi, na busaa hunywewa magharibi mwa Kenya. Vinywaji hivi huandamana na mahari, matambiko na kazi za ujima, na kuwapatia wanawake wengi kipato. Kwa sababu hiyo, wapo wanaoamini kuwa pombe ya nafaka ni chakula na haiwezi kumdhuru mtu.

Ni kweli kwamba pombe hizo zina wanga na baadhi ya vitamini. Hata hivyo, kilevi kilichomo ni ethanoli ileile iliyomo katika bia ya kiwandani. Lita moja ya pombe yenye kilevi cha asilimia 4 ina takribani gramu 32 za ethanoli. Ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu 7 hadi 10 kwa saa, hivyo lita hiyo pekee hulifanyisha ini kazi kwa saa 3 hadi 5.

Katika kuvunja ethanoli, ini huzalisha kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo hujeruhi seli. Unywaji wa kupindukia husababisha kwanza mafuta kujikusanya katika ini, hali ambayo aghalabu hutoweka mtu anapoacha pombe. Akiendelea, ini huvimba, kisha hujaa makovu na kusinyaa. Hatua hiyo ya mwisho kwa kawaida hairejei nyuma, na huweza kuzaa saratani.

Hatari ya pili huanzia ghalani. Mahindi yaliyovunda na yasiyofaa kwa ugali mara nyingi hupelekwa kwenye pombe badala ya kuteketezwa. Nafaka hizo huweza kuwa na sumukuvu aina ya aflatoksini, inayotokana na kuvu na inayotambuliwa kimataifa kuwa chanzo cha saratani ya ini. Kuchemsha hakuiondoi, na uchachushaji hauimalizi. Machicha yakilishwa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa na kuwafikia hata watoto wasioonja pombe.

Ukali wa sumukuvu ulidhihirika mwaka 2016, pale watu 20 walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kufuatia ulaji wa mahindi yaliyochafuliwa. Nchini Kenya, mlipuko wa mwaka 2004 uliua watu 125. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, aflatoksini huongeza maradufu na zaidi uwezekano wa kupata saratani, na kilevi huongeza mzigo juu ya mzigo.

Kinga iko ndani ya uwezo wa kaya. Mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zilizovunda, kubadilika rangi au kutobolewa zitengwe na kuteketezwa, wala zisigeuzwe kimea. Watoto wapelekwe kupata chanjo ya penta, ambayo hukinga pia homa ya ini aina ya B.

Kwa upande wa kilevi, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na athari kwa afya. Mwenye mazoea ya kunywa sana kila siku asiache ghafla bila ushauri wa daktari, kwani mwili huweza kupata degedege. Aidha, anayeona macho ya manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba au anayetapika damu awahi kituo cha kutolea huduma za afya bila kusubiri.