Sindano Kavu Chini ya Unyayo

Fundi seremala wa Keko, jirani kabisa na Chang'ombe jijini Dar es Salaam, hupiga randa kutwa nzima akiwa amesimama, kandambili miguuni. Kandambili haina mkanda nyuma, kwa hiyo kila anapoinua mguu vidole hujikunja kuing'ang'ania isichomoke. Msuli mmojawapo wa kazi hiyo ni mfupi: umeanzia kwenye mfupa wa kisigino, ukapita katikati ya unyayo na kugawanyika kwenda vidole vinne. Kidole gumba kina msuli wake. Msuli huo mfupi ukikaza na kufanya fundo, maumivu huweza kujitokeza mbele, chini ya mashina ya vidole, mgonjwa akadhani tatizo liko huko.

Wataalamu wa fiziotherapia huweza kulifuata fundo lenyewe kwa sindano kavu, yaani nyembamba isiyo na dawa. Mwaka 1979 Karel Lewit, daktari wa Prague, aliandika kwamba mchomo wenyewe huleta nafuu, mbali na dawa inayodungwa. Sindano ikiligusa fundo barabara, msuli hushtuka mara moja.

Je, baada ya mchomo, uzito unaobebwa na unyayo nao unahama? Mtu husimama peku juu ya bamba lenye vihisio, na kompyuta ikachora unyayo wake kwa rangi. Kwa kawaida, ukisimama tuli, kisigino hubeba takriban asilimia 60 ya mzigo; vidole hubeba kidogo sana. Mgandamizo ni uzito kugawanywa kwa eneo, na sindano haipunguzi hata kilo moja. Ikipunguza mzigo hapa, mzigo huo utabebwa pale. Ndiyo maana rangi zilizobadilika dakika chache baada ya mchomo hazinitoshi, hasa ikiwa fundi anarudi kwenye kandambili zilezile na sakafu ileile ya saruji.

Kwa mwenye kisukari hesabu hii ni nzito zaidi. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kuhusu vidonda vya miguu vya wagonjwa hawa: mguu uliokufa ganzi hauhisi sehemu inayogandamizwa, ngozi inachubuka, kidonda kinachimbika. Kipimo cha ganzi hiyo ni rahisi, uzi wa nailoni unaopinda kwa gramu 10. Asiyeuhisi unapomgusa unyayoni anahitaji kliniki ya kisukari na viatu vya kumkinga kwanza, kabla ya mtu yeyote kumtajia sindano.