Baridi ya Kilolo na Majonzi ya Moyo

Kila uingiapo mwezi wa Juni, watu wa Kilolo katika mkoa wa Iringa hutoa makoti na mablanketi yaliyokuwa yamewekwa. Upepo wa kusi, ule ule ambao mabaharia wa pwani waliutumia tangu zamani kwa safari za kaskazini, huja na unyevu wa bahari; nao ukiipanda milima ya Udzungwa hupoa, ukawa ukungu na manyunyu. Ziko siku ambazo jua halionekani mpaka adhuhuri. Hali hii huendelea mpaka Agosti. Wenyeji wameizoea, walakini kuizoea baridi si kusalimika na uzito wake. Na mgeni aliyetoka Tanga au Kilwa kwa kazi ya ualimu au biashara huiona ni mtihani mkubwa.

Madhara ya baridi mwilini yajulikana na kila mtu: mafua, kikohozi, na vidole vya watoto wajao chuoni asubuhi vikiwa vimekufa ganzi hata kalamu haishikiki. Lakini yako madhara mengine ambayo hayasemwi, nayo ni majonzi ya moyo. Mtu hupoteza hamu ya kazi na chakula; hulala kupita kiasi au hukosa usingizi kabisa; hukaa kimya kati ya watu wake, kisha akaacha hata kutoka nje.

Yafaa tuijue sababu. Katika nchi za mbali za kaskazini sababu kubwa ni giza. Katika mji wa Tromsø, nchi ya Norway, jua halichomozi kabisa kwa muda wa karibu miezi miwili, tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Mwaka 1984, daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Marekani waliyaeleza maradhi ya huzuni yanayorudi kila majira ya giza, nao wakayatibu kwa mwanga wa taa kali. Lakini Kilolo haiko mbali na mstari wa ikweta; mchana wa Juni huku haupungukiwi hata saa moja nzima ukilinganishwa na mchana wa Desemba. Basi haielekei kuwa ni urefu wa usiku unaotulemea. Ukungu huchangia, na baridi huchangia; lakini kwa tuonavyo sisi, kinachozidi yote ni upweke, kwa kuwa katika miezi hiyo kila nyumba hufunga mlango wake mapema.

Na ni nani aliye nyuma ya mlango huo? Mara nyingi ni bibi au babu peke yake, au pamoja na wajukuu wadogo. Vijana wengi wa Iringa wamekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mabinti wengi wamekwenda kutumika katika nyumba za watu. Tena mkoa huu ni mmoja wa mikoa iliyopigwa zaidi na UKIMWI, na wako wazee waliozika watoto wao wakabaki na malezi ya mayatima. Wakati wa jua mzee kama huyu hukaa barazani, na kila apitaye humwambia "Kamwene". Baridi ikija, baraza huwa tupu, na salamu hukatika.

Kuna jambo jingine ambalo twalitaja kwa uchungu. Nchini mwetu husemwa mzaha kwamba Mhehe akiudhiwa hujiua, na wengine hukitaja hata kifo cha Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kana kwamba huo ndio ushahidi. Mzaha huu ni mbaya. Mtu aliyelemewa na mawazo ya kufa akisikia watu wakicheka, atawezaje kufungua kinywa chake aombe msaada? Atanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kwenye hatari.

Kadhalika wako wasemao kwamba mwenye huzuni ana imani dhaifu. Neno hili halina msingi. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakageuka meupe, naye alikuwa Nabii. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na mwaka ule umeitwa Mwaka wa Huzuni mpaka leo. Huzuni si dhambi wala si aibu.

Tena tumepewa mfano wa namna ya kumtazama aliye pweke. Alikuwako mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Siku moja Mtume hakumwona, akauliza habari zake. Akaambiwa amekwisha kufa. Masahaba waliliona jambo lake kuwa dogo, hawakumpasha habari. Mtume akawauliza mbona hawakumwambia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia. Tutazame jambo hili: kiongozi wa umma mzima aligundua kwamba mfagiaji hayupo.

Basi twawaomba vijana, kila baada ya sala ya Alasiri, waulizane ni nani hakuonekana siku mbili au tatu, na wawili kati yao wakambishie hodi. Wasiende mikono mitupu. Hata kuni chache au uji wa moto hutosha. Jua likitoka, mzee aletwe nje alipate. Kazi za msimu huu, kama kupukuchua mahindi, zifanywe kwa pamoja zikiambatana na mazungumzo. Na mabinti na vijana walio mbali wapige simu nyumbani, wasingoje mpaka wawe na fedha za kutuma. Sauti ya mtoto nayo ni riziki kwa mzazi.

Yako na ya kujihadhari. Pombe haipashi mwili joto kama wengi wadhanivyo, bali hulitoa joto nje kupitia ngozini, na huzuni huizidisha. Wala jiko la mkaa lisilazwe chumbani milango ikiwa imefungwa, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Ama huzuni ikipita wiki mbili, mtu hali, halali, wala hana hamu na chochote, hayo ni maradhi ambayo madaktari wa leo huyaita sonona, nayo yana dawa. Apelekwe zahanati au hospitali, kama apelekwavyo mwenye homa. Na dua iende pamoja na dawa. Na akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kumwona asiyeonekana, na miguu ya kumwendea kabla ya kuchelewa. Amin.