Ukibadilisha indiketa za pikipiki, usiisahau flasha

Katika mambo yote afanyayo mwendesha pikipiki barabarani, ni machache yaliyo na hatari kama kukata kona kuingia kulia. Hapa Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Anayetaka kuingia kulia hana budi kusogea hadi katikati ya barabara, apunguze mwendo, na avuke njia ya magari yanayomjia. Wakati huo huo, nyuma yake huenda kuna matatu ambayo dereva wake amechoka kungoja na anataka kumpita kwa upande uo huo wa kulia. Dereva huyo hawezi kusoma mawazo ya mtu. Kinachomwambia kwamba pikipiki iko karibu kukata kona ni kijitaa kimoja cha manjano kilicho karibu na mkia wake.

Kijitaa hicho ndicho indiketa, na siku hizi wengi wanakibadilisha. Wanang'oa balbu za kawaida na kutia taa za LED, zile ndogo zenye mwanga mkali. Ukipita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, utawapata wenye maduka ya vipuri waliozipanga za kila umbo. Kazi yenyewe huonekana rahisi: toa hii, tia hii. Matokeo yake ni kwamba tuna pikipiki nyingi zenye indiketa za kupendeza ambazo hazimwambii dereva wa nyuma lolote.

Hata familia isiyokuwa na pikipiki inahusika hapa. Kama mtoto wako huenda shuleni kwa bodaboda, au wewe mwenyewe huipanda ukitoka stejini hadi nyumbani, basi usalama wenu hutegemea kijitaa hicho kila jioni.

Tuanze na sifa za LED, kwa kuwa zipo. Balbu ya kawaida ina uzi mwembamba wa metali ambao hupashwa moto na umeme hadi ung'ae. Sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto, na ni kidogo tu kinachotoka kama mwanga. Isitoshe, uzi huo haupendi mtikiso. Pikipiki inayoshinda ikiruka mashimo na matuta hukata uzi wa balbu mapema, na mwenyewe hana habari. LED haina uzi. Ni kipande kidogo kigumu kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake, na huwaka papo hapo. Ile saa ya jioni ambapo jua la magharibi linampiga dereva usoni, taa inayowaka kwa ghafula na kwa ukali huonekana upesi kuliko balbu iliyofifia.

Halafu kuna umeme wenyewe. Balbu za indiketa za pikipiki nyingi ndogo ni za wati 10 kila moja, na za pikipiki kubwa aghalabu ni wati 21. Ukionyesha kona, mbili huwaka pamoja, ya mbele na ya nyuma. Mwanafunzi anayesoma fizikia ataipiga hesabu hii bila taabu: wati 20 ukizigawanya kwa volti 12 za betri, unapata karibu ampea 1.7. LED mbili za wati 1 kila moja hazifikishi hata ampea 0.2. Kwa pikipiki yenye betri ndogo ya ampea-saa 5, ambayo huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, hiyo ni nafuu. Lakini anayekuambia kwamba utaokoa petroli kwa kubadilisha indiketa anataka tu kukuuzia.

Kwa nini zinakataa kupepesa

Fundi akishatia taa mpya, mazungumzo mara nyingi huwa ya namna hii:

"Fundi, mbona hii inawaka tu, haizimi?"

"Ni mpya bado, kaka. Itazoea."

Haitazoea. Kuna kidude chini ya kiti au nyuma ya taa kubwa kiitwacho flasha, na hicho ndicho kinachoifanya indiketa iwake na kuzima. Flasha nyingi za zamani zina ukanda mwembamba uliotengenezwa kwa metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme wa balbu hupitia humo. Ukanda ukipata joto, metali moja hutanuka kuliko nyenzake, ukanda unapinda na umeme unakatika. Ukipoa, unanyooka na umeme unarudi. Basi ni hivyo tu, joto na baridi, maadamu swichi imewashwa.

Sasa tazama kilichotokea. Ukanda ule ulipimwa kwa umeme wa balbu mbili, zile ampea 1.7. Ukiupitisha umeme wa LED, ambao hata haufiki sehemu moja kwa nane ya huo, hakuna joto la kutosha kuupinda. Taa hubaki imewaka bila kuzima, na kwa dereva wa nyuma taa isiyopepesa ni taa nyingine tu miongoni mwa mapambo ya pikipiki. Flasha zingine ni za elektroniki, na hizo hufanya kinyume: zikiona umeme umepungua, hudhani kuna balbu iliyoungua, zikaanza kupepesa mbio mbio kama mtu aliyepandwa na wazimu.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari, ambazo nchi nyingi za Ulaya pamoja na Japani huzifuata, zinataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Unaweza kujipima kwa saa ya mkononi. Katika sekunde 10 inafaa uhesabu mara 10 hadi 20. Ikizidi hapo au ikipungua, kazi haijakwisha, hata kama fundi ameshanawa mikono.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kununua flasha iliyotengenezewa LED, ambayo hupepesa kwa kasi ile ile hata umeme ukiwa mdogo namna gani. Hiyo ndiyo ningemshauri mtu yeyote achukue. Kabla ya kulipa, toa flasha yako ya zamani uihesabu miguu. Nyingi zina miguu miwili, ulioandikwa B unaotoka kwenye betri, na ulioandikwa L unaokwenda kwenye taa. Zingine mpya zina wa tatu, E, ambao ni lazima uungwe kwenye chuma cha pikipiki. Ukizichanganya B na L, flasha ya elektroniki yaweza kukataa kufanya kazi au kuungua kabisa, na dukani hawatakurudishia pesa.

Dawa ya pili ni rizista. Hiki ni kipande ambacho huungwa sambamba na kila LED ili kile umeme ambao balbu ilikuwa ikila. Flasha hudanganyika, ikadhani balbu bado ipo. Kwa kila balbu ya wati 10 utahitaji rizista ya karibu omu 15, na kwa ya wati 21 ya karibu omu 7. Hufanya kazi, lakini hebu fikiria: umenunua taa isiyokula umeme, halafu ukanunua kitu kingine cha kuula umeme huo uishie kuwa joto. Na joto lenyewe si mchezo. Rizista hiyo huchoma kidole, na ikifungwa kwenye plastiki ya mkia au ikabanwa pamoja na nyaya zingine kwa tepu, itaviyeyusha. Kama huna budi kuitumia, chagua ya wati 25 au zaidi na uifunge kwa skrubu kwenye chuma.

Taa nne kwa mpigo

Kuna ugonjwa mwingine unaowashangaza hata mafundi wa siku nyingi. Umetia LED pande zote, umenunua flasha mpya, unawasha ya kushoto, na zote nne zinapepesa pamoja. Dereva wa nyuma ataelewa nini hapo?

Kisa ni kile kijitaa cha kwenye dashibodi. Katika pikipiki nyingi ndogo kijitaa hicho ni kimoja tu kwa pande zote mbili. Waya wake mmoja umeungwa upande wa kushoto, wa pili upande wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita ndani yake, kisha hurudi kwenye betri kupitia balbu za kulia. Umeme huo ni mdogo mno kuziwasha balbu, kwa hivyo hakuna aliyewahi kuuona. LED nazo zinatosheka na kidogo. Umeme ule ule ambao balbu iliudharau, zenyewe zinawaka nao.

Kuitibu si ghali. Unahitaji dayodi mbili, na zile za namba 1N4007 zinazopatikana kwa mafundi wa redio zinafaa. Dayodi huruhusu umeme upite upande mmoja tu, na ule mwisho wenye mstari ndio wa kutokea. Unga moja kutoka waya wa kushoto, nyingine kutoka waya wa kulia, kisha uunganishe ile miisho yenye mstari pamoja hadi mguu mmoja wa kijitaa. Mguu wa pili wa kijitaa uuchomoe ulikokuwa na kuufunga kwenye chuma cha pikipiki. Kama kijitaa chenyewe nacho ni cha LED, angalia kisigeuzwe, kwa sababu LED huwaka ikiwa tu chanya na hasi ziko mahali pake. Hilo ni kweli hata kwa indiketa zenyewe. Ikikataa kuwaka, igeuze kabla hujaitupa.

Kuhusu rangi, msomaji, nunua ya manjano iliyokoza. Wengi hununua LED nyeupe wakidhani kifuniko cha manjano kitaibadilisha rangi. Hiyo ni kweli kwa balbu ya uzi, ambayo mwanga wake una manjano tele. LED nyeupe kwa kweli ni ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo. Ukiipitisha kwenye kifuniko cha manjano, mwanga mwingi huzuiwa na kinachotoka kimepauka. LED ya manjano haihitaji kifuniko cha rangi, kwa kuwa rangi hutoka kwenye kipande chenyewe. Ya kwanza kuonekana kwa macho ilikuwa nyekundu, iliyotengenezwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka wa 1962, na ya manjano ilifuata mwaka wa 1972 kwa kazi ya George Craford, aliyekuwa mwanafunzi wake. Zile za buluu na kijani ambazo vijana hufunga mkiani sina la kuzisemea, ila kwamba dereva wa nyuma hajui zina maana gani.

Limebaki moja ambalo wauzaji hawalitaji. Flasha ya zamani, pamoja na udhaifu wake, ilikuwa na kazi ya ulinzi. Balbu moja ikiungua, mwendo wa kupepesa ulibadilika. Ulikwenda mbio au uliganda, na mwendeshaji akajua kuna taa iliyokufa bila kushuka. Flasha ya LED hupepesa vizuri hata kama ya nyuma imeng'oka na kubaki barabarani. Kijitaa cha dashibodi kitaendelea kukuambia kwamba mambo ni sawa.

Kwa sababu hiyo anayebadilisha hujitwika kazi mpya ya asubuhi. Washa ya kushoto, shuka, tazama mbele na nyuma. Kisha ya kulia. Kama kuna mtoto anayengoja kupelekwa shule, msimamishe nyuma ya pikipiki akuangalilie. Usimwulize kama zinawaka. Mwulize ni ya upande gani, na kama inazima.