Paja Limevimba Baada ya Chanjo: Mwili Unafanya Nini?

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii.

Leo tunazungumzia jambo linalowakosesha usingizi akina mama wengi. Mtoto amedungwa sindano za wiki ya 6. Jioni paja limevimba, lina joto, na ukiligusa analia. Je, chanjo imemdhuru? Mara nyingi jibu ni hapana.

Mama, chini ya ngozi ya mtoto kuna chembechembe za ulinzi alizozaliwa nazo. Zinakaa pale kama mlinzi wa usiku kwenye ploti. Zikikutana na kitu kigeni, kama vile vijidudu, mwiba au dawa ya chanjo, hupiga ukemi papo hapo. Ukemi wao ni kemikali, na mojawapo inaitwa histamini.

Kemikali hizo hufanya mambo matatu. Kwanza, mishipa midogo ya damu hupanuka na damu nyingi hufika, ndipo mahali pale panakuwa pekundu na pa moto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, kwa hivyo pima joto kwa mgongo wa mkono wako. Pili, kuta za mishipa hulegea na maji ya damu huvuja hadi kwenye nyama. Huo ndio uvimbe. Tatu, neva huamshwa, na mtoto husikia uchungu.

Kupitia kuta hizo zilizolegea, chembe nyeupe za damu hutoka na kumeza vijidudu. Nyingi hufa vitani, na usaha unaouona kwenye kidonda kwa sehemu kubwa ni mizoga yao. Kemikali nyingine huufikia ubongo, nao hupandisha joto la mwili. Hiyo ndiyo homa.

Baada ya chanjo, walinzi hawa hupeleka habari kwa sehemu ya kinga inayojifunza na kukumbuka. Kwa hivyo uvimbe mdogo wa siku 1 hadi 3 si sababu ya kuacha kurudi kliniki wiki ya 10 na ya 14. Mtoto asiyemaliza chanjo hubaki bila kinga kamili dhidi ya kifaduro, dondakoo na pepopunda.

Hata chanjo ya BCG, inayodungwa mkono wa kushoto mtoto akizaliwa, huleta kipele baada ya wiki kadhaa. Hutoa usaha kidogo, kisha huacha kovu. Usikikamue wala kukipaka chochote.

Ufanye nini nyumbani? Mnyonyeshe mara kwa mara. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya uvimbe, bila kusugua. Uliza muuguzi kipimo cha parasetamoli kinacholingana na uzito wa mtoto. Usipake dawa ya meno wala majivu. Usifungue kapsuli ya antibayotiki na kunyunyiza unga wake. Dawa hiyo huua bakteria, haiondoi uvimbe wa chanjo, na ikitumiwa ovyo bakteria huizoea.

Lakini mlinzi naye anaweza kuzidiwa. Mpeleke mtoto hospitali haraka ukiona haya:

- Uvimbe unazidi kukua au kuenea, au kuna mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye kidonda.
- Kitovu cha mtoto mchanga ni chekundu au kinatoa usaha.
- Mtoto hataki kabisa kutumia mguu au mkono.
- Hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege au haamki vizuri.
- Ana homa na hajafikisha miezi 2, hata kama amechanjwa juzi.
- Midomo au uso umevimba ghafla, au anapumua kwa shida. Hii ndiyo sababu tunakuomba ukae kliniki kidogo baada ya sindano.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ikiwa ni usiku, nenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na usingoje kupambazuke. Beba kile kijitabu cha kliniki.

Mpenzi msikilizaji, uvimbe ni dalili kwamba mwili unajitetea. Kazi yako ni kuuangalia kila siku na kuona kama unapungua au unazidi. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.